Wazazi Waliitwa Kubeba Mawe

Naanza na kosa langu mwenyewe, ili mbele ya safari usije ukadhani nanyooshea wengine vidole tu.

Mwaka 2011 nilikuwa kidato cha pili katika sekondari moja ya kata huku kwetu Rungwe, mkoa wa Mbeya. Mwisho wa muhula tukapewa ripoti za kupeleka nyumbani. Yangu ilikuwa mbaya. Mwalimu wa darasa alikuwa ameandika kwa Kiingereza, kwa wino mwekundu, kwamba sina bidii, natoroka vipindi vya hesabu, na mzazi afike shuleni. Mzee wangu aliishia darasa la saba. Kiswahili anasoma vizuri sana, gazeti halimshindi, lakini Kiingereza hakijui. Akavaa miwani, akaigeuza ile karatasi mbele na nyuma, halafu akanirudishia. "Hebu nisomee, wanasemaje?"

Nikamsomea. Nikasema mwalimu anasifu nidhamu yangu, ila anashauri nipunguziwe kazi za nyumbani nipate muda wa kusoma. Mzee alifurahi kweli! Akasaini pale chini, na kesho yake kazi ya kukata majani ya ng'ombe akapewa mdogo wangu.

Sasa kinachoniuma hasa ni hiki. Lile darasa nililokuwa nikilitoroka, mawe ya msingi wake mzee aliyasomba mwenyewe. Mwaka 2006, Edward Lowassa alipokuwa Waziri Mkuu, ilitoka amri kila kata iwe na sekondari yake, na haraka. Kaya zikapangiwa zamu. Mzee alitoa siku zake, mawe yake na pesa za chai aliyochuma. Mtu huyo huyo, miaka mitano baadaye, anakaa kibarazani na karatasi ya shule mkononi, na anayemtafsiria ni mshtakiwa!

Niliacha kucheka jambo hilo nilipofika chuoni. Nikaanza kujiuliza: hivi huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, shule na mzazi waliwahi lini kuzungumza?

Kabla ya shule kulikuwa na malezi, na hayo hayakuwa ya mzazi mmoja. Kwa Wanyakyusa, mtoto wa kiume akifika kama miaka kumi alitoka kwa baba yake akaenda kukaa na wenzake wa rika katika kijiji chao cha vijana. Mchana walichunga ng'ombe wa baba zao. Kula walikula kwa mama zao, kwa kundi: leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mama wa Monica Wilson, yule mtafiti aliyekaa Unyakyusa miaka ya 1930, sijui alipika kwa ajili ya wangapi, lakini mama wa Kinyakyusa alipikia watoto wa watu wengi, na bila shaka aliwajua tabia mmoja mmoja. Wamisionari wa Kimoravian na wale wa Berlin walipofika mwaka 1891 na kufungua shule zao, walikuta huyu kijana anayemtakiwa darasani tayari ana kazi. Akienda kengele ikilia, nani abaki na ng'ombe? Hilo lilikuwa swali la kwanza la mzazi kwa shule, na lilikuwa swali la haki kabisa.

Lakini kisa kilichonishika zaidi kiko upande wa pili, kwa mama. Mama yangu ni mtu wa Mufindi, mkoa wa Iringa, na likizo tulikuwa tukipanda basi Mbeya, tunapita Makambako, tunashukia Mafinga, "kamwene" zinaanza hapo hapo stendi. Mjomba wangu alisoma Malangali. Siku moja akaniambia kwamba shule yao zamani za Mwingereza ilikuwa na mambo ya ajabu, wanafunzi walikuwa wakifundishwa kurusha mikuki. Nilidhani ananitania. Kumbe nikakuta habari yenyewe maktaba, katika jarida moja la London liitwalo Africa, toleo la mwaka 1930, makala imeandikwa na mwenyewe aliyeianzisha: W. Bryant Mumford.

Malangali ilifunguliwa mwaka 1928. Gavana wakati huo alikuwa Donald Cameron, aliyetaka Tanganyika itawaliwe kwa kupitia machifu. Na katika elimu kulikuwa na fikra iliyoletwa na tume ya Phelps-Stokes ya Marekani, iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924, kwamba shule za Waafrika zilingane na maisha yao ya kijijini. Mumford akaichukua fikra hiyo akaisukuma mbali kuliko wengi. Shule yake ilikuwa ya watoto wa Kihehe, Kibena na Kisangu. Akasema shule isiwatenge na kwao. Basi vijana wakavaa shuka zilizofungwa begani, wakacheza ngoma za kwao, wakatupa mikuki, na wazee wa makabila wakaletwa shuleni wawafundishe mila na historia ya ukoo.

Niliposoma hapo mara ya kwanza nilisimama nikatembea kidogo. Wazee ndani ya shule! Miaka karibu 100 iliyopita, mahali ambapo mimi hata baba yangu hakuwahi kuvuka mlango wa ofisi ya walimu. Nikasema huyu Mzungu aliona mbali.

Nikasoma tena. Mara ya pili ndipo nikaona kasoro. Mzee alialikwa aje afundishe jana. Ya kesho alikuwa ameshapangiwa. Na kesho hiyo ndiyo iliyokuwa kichwani mwa wazazi! Mtu wa Ubena ambaye aliona Maji Maji ya mwaka 1905 mpaka 1907, akaona Mjerumani anaondoka na Mwingereza anaingia, alijua vizuri sana mkuki umefika wapi. Aliona karani anayeandika kodi, aliona mkalimani anavyoogopwa. Huyo hakumtoa mwanawe kwenye ng'ombe ili akajifunze ngoma anayoweza kuicheza nyumbani bure. Alimtoa apate hesabu, kuandika na Kiingereza. Mpango ule haukudumu. Mumford mwenyewe aliondoka, baadaye akawa mtu wa chuo kikuu London, na Malangali ikageuka taratibu kuwa shule kama shule nyingine za serikali, na baadaye sekondari yenye jina kubwa.

Simdharau Mumford. Kati ya wakubwa wa elimu wa wakati ule ni wachache waliofikiri kuwa mzee wa kijijini ana chochote cha kumpa mwanafunzi. Tatizo ni kwamba alimpa mzee nafasi ya kuigiza, hakumpa nafasi ya kuuliza. Tazama majirani zetu Kenya. Miaka hiyo hiyo, kuanzia ugomvi wa mwaka 1929 na wamisionari, wazazi wa Kikuyu walichoka wakajenga shule zao wenyewe za kujitegemea, na moja ya mambo waliyoyadai ni Kiingereza kianze mapema. Hakuna aliyewapangia. Serikali ilikuja kuzifunga nyingi wakati wa hali ya hatari, baada ya mwaka 1952.

Uhuru ukaja. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, na moja ya malalamiko yake lilikuwa hili hili, kwamba shule inamtoa mtoto kwa wazazi wake na kumfanya aone hawana wanalojua. Dawa yake ilikuwa shule iwe sehemu ya kijiji, ilime, izalishe. Na jambo moja kubwa lilifanyika wakati ule ambalo hatulisemi vya kutosha: shule ya msingi ikawa ya Kiswahili mpaka darasa la saba. Mzazi akaweza kulifungua daftari la mtoto akalielewa. Kwangu mimi hilo lilikuwa daraja kuliko mkutano wowote.

Halafu Musoma, Novemba 1974. TANU ikaamua kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977. Hapo ndipo babu yangu anaingia katika historia, kwa tofali. Serikali haikuwa na pesa ya madarasa yote hayo, kwa hiyo vijiji vikaambiwa vijenge. Babu alikanyaga udongo, akafyatua, akachoma. Baba naye alianza darasa la kwanza mwaka 1976 akiwa na miaka kumi, na anasimulia walivyokuwa wakija shuleni na ndoo ya maji kichwani kwa ajili ya ujenzi, asubuhi Rungwe ina baridi ya kukata vidole. Watoto wa shule za msingi nchini, ambao mwaka 1975 walikuwa kama milioni moja na nusu, wakavuka milioni tatu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Si mchezo! Walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafunzwa huku wanafundisha. Watu hawakukosa la kusema, wakaifasiri UPE kuwa Ualimu Pasipo Elimu.

Nilimuuliza babu, kabla hajafariki, kama waliwahi kuitwa kuulizwa watoto wanajifunzaje. Akanitazama kama nimeuliza kitu cha Kizungu. "Tuliitwa," akasema. "Tuliitwa kufyatua." Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliweka kamati za shule, na wazazi wamo. Lakini kamati ninazozijua mimi zimezungumza sana bati, choo na uzio.

Mufindi na Njombe walijaribu njia nyingine (wakati huo Njombe ilikuwa bado wilaya ya Iringa, mkoa wake umekuja mwaka 2012). Miaka ya 1980 nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno, katika watoto 100 waliomaliza la saba hawakufika hata 10 waliopata. Wananchi wakaunda mifuko yao ya maendeleo, wakachanga, wakajenga sekondari zao. Huu wa Mufindi ulijulikana kote. Hapo walau mzazi alikuwa anachagua anachokijenga. Mjomba anasema mikutano yake ilikuwa mikali, watu wanataka mahesabu mpaka senti ya mwisho. Mahesabu ya pesa, yaani. Ya kemia hawakuuliza.

Mambo ya karibuni mnayajua. Mwaka 2002 ada ya shule ya msingi ikafutwa, madarasa yakafurika, kamati zikapewa ruzuku na akaunti za benki. Januari 2016 ada ikafutwa mpaka kidato cha nne. Januari 2018 Rais Magufuli akakataza michango yote shuleni. Naunga mkono, maana nimeona watoto wakirudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango wa mlinzi. Lakini kilichotokea kijijini kwetu kilinifundisha kitu. Mchango ulipokoma, wazazi nao wakakoma kwenda. Mikutano ikawa ya watu kumi na mwenyekiti. Ukimuuliza mtu, anakujibu, "Si bure siku hizi, wananiitia nini?" Ni jibu baya, lakini lina mantiki. Kwa vizazi vitatu shule ilimwita mtu huyu kwa ajili ya mikono yake na mfuko wake. Ikiviacha hivyo viwili, yeye ajuaje kama bado ana kitu kingine kinachotakiwa?

Mwaka jana nilikuwa nyumbani likizo, mdogo wetu wa mwisho yuko kidato cha tatu, shule ile ile. Ukaitishwa mkutano wa wazazi. Mzee akanivuta twende. Ajenda ya kwanza kufungua mkutano, ya pili taarifa ya mkuu wa shule, ya tatu chakula cha mchana, kila mzazi debe la mahindi na kilo kadhaa za maharage, ya nne mengineyo. Jua lilishaanza kushuka tulipofika mengineyo. Watu wanajikunyata, wengine wameshasimama.

Mzee akanyoosha mkono. Akatoa mfukoni ripoti ya binti yake, imekunjwa mara nne.

"Mwalimu, shikamoo," akasema, na mwalimu mwenyewe ni kijana wa umri wangu, akaona haya. "Mimi naomba nisomewe hii. Kwa Kiswahili. Kijana wangu huyu hapa ana digrii, lakini naomba unisomee wewe."

Watu wakacheka. Mimi nikatazama chini. Mpaka leo sijui kama alikuwa anajua, na sijathubutu kumuuliza. Mwalimu akaichukua, akaisoma taratibu, somo baada ya somo, akaeleza kwamba binti ana akili ya bayolojia ila hesabu zinamwangusha tangu kidato cha kwanza, kwenye sehemu, na kwamba Jumamosi huwa anawasaidia wanafunzi wa namna hiyo lakini yeye haji. Mzee akasema Jumamosi anachuma chai. Wakaangaliana. Mwalimu akauliza kama Jumapili baada ya ibada inawezekana. Mzee akasema itawezekana.

Alipogeuka kuondoka, nyuma yake kulikuwa na mama mmoja, naye ana karatasi mkononi. Na nyuma ya mama yule wengine sita au saba. Mwenyekiti alishafunga mkutano, hakuna aliyemsikiliza. Tukamsubiri mwalimu mpaka giza likaingia, mtu mmoja akawasha tochi ya simu ili aone maandishi.