Bibi yangu ngumbaru na maktaba ya likizo



Shule zikifungwa mwezi wa sita, Dar inapumua kidogo. Makonda hawagombani tena na wanafunzi asubuhi, na wazazi wanaanza kuulizana swali lile lile: hawa watoto tuwafanye nini mwezi mzima? Mwenye uwezo anampeleka mwanawe tuisheni. Asiye nao anamwachia rimoti na katuni, basi, yameisha.

Mimi nilipokuwa darasa la nne, mama alinipeleka Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Leo nataka niwasimulie historia kidogo, kwa sababu likizo ile ilinifundisha jambo ambalo nimelielewa ukubwani.

Mwaka ule bibi mzaa mama alikuwa amekuja kutoka Ukerewe kutibiwa miguu. Mama alikuwa kazini kutwa, kwa hiyo bibi ndiye akawa mlinzi wangu. Tunapanda daladala wote wawili, tunafika, mimi navamia rafu za sehemu ya watoto, yeye anakaa kwenye kile kiti kifupi na khanga yake, ananisubiri. Siku ya tatu nikamwonea huruma. Nikampelekea kitabu: "Bibi, soma na wewe."

Akacheka. "Mume wangu, mimi ngumbaru. Nilikuwa najua, nimesahau."

Mtoto wa darasa la nne sikuelewa. Hivi kusoma kunasahaulika vipi? Mtu anasahau kutembea?

Turudi nyuma sasa. Usiku wa kuamkia mwaka 1970, Mwalimu Nyerere aliwatangazia Watanzania kwamba mwaka huo ungekuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hesabu yake ilikuwa rahisi: watoto waliokuwa darasani wangechukua miaka mingi kabla ya kuibeba nchi, lakini wazazi wao walikuwa wanailima siku hiyo hiyo. Wakati huo takriban watu wazima 67 kati ya kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Zikachaguliwa wilaya sita za kuanzia, zifute ujinga wa kusoma kufikia mwisho wa 1971: Mafia, Kilimanjaro, Pare, Masasi, Rungwe na Ukerewe. Ndiyo, Ukerewe ya bibi yangu.

Huko Kanda ya Ziwa tayari kulikuwa na mradi wa UNESCO ulioanza 1968, wa kile kilichoitwa kisomo chenye manufaa. Mkulima hakuanza na "a, e, i, o, u" za kitoto. Alianza na kazi yake mwenyewe: vilikuwapo vitabu vya pamba, vya ndizi, vya uvuvi. Unajifunza herufi na papo hapo unajifunza kupanda kwa mistari. Jioni watu wanatoka shamba, wanakaa darasani, pengine mwalimu ni kijana wa shule ya msingi anayemfundisha shangazi yake. Hao wanafunzi wakubwa ndio walioitwa ngumbaru, na bibi yangu alikuwa mmoja wao.

Kazi ile ilizaa matunda. Kufikia 1975, wasiojua kusoma walikuwa wameshuka hadi asilimia 39. Kufikia 1986, takwimu za serikali zilisema ni asilimia 9.6 tu. Nchi maskini kabisa, jamani, na dunia ilikuwa inakuja kujifunza kwetu.

Sasa maktaba inaingia wapi? Bodi ya huduma za maktaba ilianzishwa kwa sheria ya 1963, na jengo la Maktaba Kuu likafunguliwa na Mwalimu mwenyewe tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru. Kampeni ya kisomo ilipopamba moto, wakubwa wa elimu waligundua jambo ambalo bibi yangu alilijua kwa uchungu: ukimfundisha mtu kusoma halafu usimpe cha kusoma, atasahau. Kwa hiyo zikaanzishwa maktaba za vijijini, kabati la vitabu vyepesi katika chumba cha shule au ofisi ya kata, ili ngumbaru aliyehitimu awe na pa kwenda. Mwanza ukaanza kutoka gazeti la vijijini mwaka 1974. Jina lake lilikuwa Elimu Haina Mwisho. Hata jina tu linatosha kuwa sera.

Halafu ikaja miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimeikausha hazina, fedha za kigeni hakuna, karatasi shida. Vitabu vikachakaa bila vipya kuletwa. Madarasa ya jioni yakapungua wanafunzi, kisha yakapungua walimu. Sensa ya 2012 ilipohesabu, wanaojua kusoma na kuandika kati ya wenye miaka 15 na kuendelea walikuwa asilimia 78. Najua vipimo vya 1986 na vya 2012 havifanani moja kwa moja. Lakini hata ukitoa posho ya tofauti hiyo, mwelekeo unauona.

Ukienda Marekani utakuta wamepigana na adui huyo huyo, ila wao walimwona upande wa watoto. Likizo yao ya kiangazi inakaribia miezi mitatu, na tangu miaka ya 1890 maktaba za huko zilianza kuwawekea watoto programu za kusoma wakati wa likizo. Miaka ya 1970 mtafiti Barbara Heyns aliwafuatilia wanafunzi karibu 3,000 wa darasa la sita na la saba mjini Atlanta, na kitabu chake kikatoka 1978. Aliona kwamba watoto wa maskini hubaki nyuma zaidi wakati shule zimefungwa kuliko zinapokuwa wazi, na kwamba taasisi ya umma iliyosaidia zaidi akili ya mtoto wakati wa kiangazi haikuwa shule. Ilikuwa maktaba.

Unaona mambo yanavyokutana? Mtoto wa Atlanta na bibi wa Ukerewe wana ugonjwa mmoja. Wote walifundishwa, kisha mlango ukafungwa. Tofauti ni kwamba likizo ya mtoto ni miezi mitatu, ya bibi yangu ilikuwa zaidi ya miaka 20.

Nimalizie kisa changu. Mama mmoja mkutubi alituona. Hakusema neno. Alikwenda akarudi na kitabu cha picha chenye maandishi makubwa, akakiweka mbele ya bibi, akaondoka. Bibi aliweka kidole chini ya mstari, akawa anavuta silabi kama mtu anayevuta kamba ya kisimani. Katikati ya ukurasa akakutana na neno "pamba". Hilo hakulivuta. Alilisoma mara moja, akaniangalia, akalisoma tena.

Mwisho wa mwezi alikuwa anamaliza ukurasa mzima. Aliporudi Ukerewe mama akawa anamtumia magazeti ya zamani kila akipata mtu wa kusafiri naye. Gazeti la wiki tatu nyuma, kwake ni jipya kabisa.

Siku hizi nikipita maktaba zetu naona vijana wengi na daftari zao wenyewe, wanajisomea mitihani. Si vibaya, nyumbani hakuna nafasi wala umeme wa uhakika. Lakini maktaba ikiwa chumba cha kukaa tu, vitabu vyake vinamsubiri nani? Tunahitaji likizo zenye saa ya hadithi, zenye mashindano ya kusoma, na zenye meza ya watu wazima pembeni: mama ntilie, bodaboda, mlinzi, babu aliyesoma miaka ya Mwalimu akasahau. Gharama yake si kubwa. Majengo tunayo na vitabu vipo, japo havitoshi.

Na mtu mzima anayemleta mtoto asiachwe mlangoni amekaa na khanga yake. Huenda naye aliwahi kujua.

Likizo njema, wadau. Mkipata nafasi, mpelekeni mtoto mmoja maktaba. Na bibi yake.