Thabeet na Memphis: Wafungaji Kibao, Pasi Hakuna

Juni 2009 Memphis Grizzlies walimchagua Hasheem Thabeet namba 2 kwenye drafti, na bongo nzima tukapata Mtanzania wa kwanza NBA. Hakutoboa, na wengi humlaumu yeye tu. Kweli, alikuwa bado hajaiva. Ila cheki kikosi alichokikuta: Rudy Gay na O.J. Mayo, madogo wa kufunga. Juu yao akaletwa Allen Iverson, mfungaji mwingine, akacheza mechi 3 akasepa. Mpira mmoja, wenye njaa kibao. Senta mgeni anayesubiri kulishwa angekula nini? Thabeet alimaliza msimu na wastani wa pointi 3.1.

Februari 2011 akapelekwa Houston, Memphis wakamchukua Shane Battier, mkabaji asiyeng'ang'ania mpira. Gay akaumia bega, Mayo akawa anaanzia benchi, mpira ukapitia kwa Marc Gasol na Zach Randolph. Wakaingia mtoano wakiwa wa 8, wakawatoa San Antonio Spurs, vinara wa Magharibi, 4-2.

Anayeunda timu ya mtaa pale Mafiga aanzie hapo: ukishapata dogo anayefunga, usimtafutie mfungaji mwenzake. Mtafutie wa kumpa pasi.