Hodi ya Karanga: Habari za Urambo

Msafiri atokaye Cheyo, katika mji wa Tabora, akielekea magharibi, hufika Urambo, nchi ya Mtemi Mirambo aliyefariki mwaka 1884. Huko Waingereza walifyeka misitu kwa ajili ya mpango mkubwa wa karanga ulioanzishwa mwaka 1947. Ardhi na mvua havikuchunguzwa vya kutosha, na mitambo iliharibika. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimepotea.

Kosa halikuwa la karanga. Wanyamwezi walikuwa wakilima karanga na njugu mawe, mimea ambayo katika vinundu vya mizizi yake hukaa bakteria wanaogeuza naitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mmea. Mjerumani Hellriegel alitangaza jambo hilo mwaka 1886.

Bakteria hao huingiaje? Mizizi ya mimea mingi ya jamii hiyo hutoa flavonoidi, nao bakteria hujibu kwa kutoa kitu chao. Mwaka 1990 wataalamu wa Toulouse, Ufaransa, wakichunguza bakteria wa alfalfa, waliupambanua muundo wake: sukari chache zenye naitrojeni, zilizoungana kama katika khitini ya magamba ya wadudu, na mkia wa asidi ya mafuta. Tofauti ndogo katika muundo huo humwezesha mmea kumtambua mgeni wake.

Basi, hata bakteria hubisha hodi, akangoja jibu. Wenye mpango wa 1947 hawakubisha.