Udongo na gesijoto za mashambani (Pickering, Kanada)

Pickering ni mji wa jimbo la Ontario, Kanada, mashariki mwa Toronto, kando ya Ziwa Ontario. Unajulikana zaidi kwa kituo chake cha umeme wa nyuklia, ingawa upande wake wa kaskazini ungali mashamba ya mahindi, soya na ngano. Gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia, inayotoka katika mashamba hayo hutegemea unyevu, joto na nitrojeni iliyomo udongoni.

Udongo

Barafu ya kale iliacha hapa udongo tifutifu wenye rutuba, sehemu kubwa ikiwa ya daraja la 1 katika uainishaji wa ardhi ya kilimo nchini humo. Kwenye vilima vya Oak Ridges, kaskazini, kuna mchanga na kokoto.

Nitrasi oksaidi

Nitrasi oksaidi ndiyo gesijoto kuu ya mashamba ya nafaka. Kwa kipindi cha miaka 100, kilo yake moja huongeza joto takribani mara 273 ya kilo ya kaboni dioksaidi. Vijitundu vya udongo vikijaa maji kwa asilimia 60 hadi 80, bakteria hukosa oksijeni na kutumia nitreti badala yake, na gesi hii hutoka. Udongo ukifurika kabisa, sehemu kubwa ya nitreti huishia kuwa nitrojeni ya kawaida, isiyo na madhara. Udongo wa kichanga hupitisha maji upesi, hivyo kwa kawaida hutoa gesi kidogo kuliko udongo wa mfinyanzi.

Mahindi hutiwa mbolea kuanzia Mei, lakini gesi nyingi huweza kutoka Machi, shamba likiwa tupu na barafu ikiyeyuka. Vijidudu vilivyouawa na baridi huwa chakula cha vilivyosalia, huku maji yakituama juu ya tabaka ambalo bado limeganda. Theluji nene hufunika udongo kama blanketi na kupunguza mgando. Vipimo vya miaka mingi vya Ontario na Manitoba, vilivyochapishwa mwaka 2017 na Claudia Wagner-Riddle wa Chuo Kikuu cha Guelph na wenzake, vilionyesha kuwa kuupuuza msimu huo wa kuyeyuka hupunguza makadirio ya dunia ya gesi hii kutoka mashambani kwa asilimia 17 hadi 28. Afrika Mashariki ina jambo la jamii hiyo: mvua za kwanza zikilowesha udongo uliokauka, vijidudu huamka kwa kishindo, kama H. F. Birch alivyoeleza mwaka 1958 kutokana na kazi yake Kenya.

Methani

Udongo mkavu hufyonza methani kidogo kutoka hewani.

Umiliki wa ardhi

Mwaka 1972 serikali kuu ilitangaza kutwaa ekari zipatazo 18,600 za eneo hili kwa ajili ya uwanja wa ndege ambao haukujengwa kamwe. Wakulima waligeuzwa wapangaji, kwa muda mrefu wakiwa na mikataba mifupi, na mpangaji wa namna hiyo hana sababu ya kugharimia mabomba ya kutoa maji shambani, ambayo hupunguza unyevu unaochochea gesi hiyo. Mpango huo ulifutwa Januari 2025.

Hali ya sasa

Kanada inalenga kupunguza gesi zitokanazo na mbolea kwa asilimia 30 ifikapo 2030, ikilinganishwa na 2020. Lengo hilo ni la hiari.