Vitamini ya Jua na Mafuta Yanayoificha

Mwaka 1919, jijini Berlin, daktari Kurt Huldschinsky aliwaweka watoto wenye matege chini ya taa ya miale ya urujuanimno, na mifupa yao ikaanza kuimarika. Mwaka huohuo Edward Mellanby wa Uingereza alikuwa akiwatibu mbwa wenye matege kwa mafuta ya ini la samaki. Elmer McCollum wa Marekani akakipa kiini cha mafuta hayo jina la vitamini D mwaka 1922, na mwaka 1928 Adolf Windaus akatunukiwa Nobeli ya kemia kwa utafiti uliohusu pia vitamini.

Historia hiyo ilianzia kwenye miji ya baridi na moshi wa viwanda. Ilikuwa haki swali liulizwe pia huku kwetu Afrika Mashariki: mtu anayeishi juani mwaka mzima ana kiasi gani cha vitamini hiyo mwilini? Jibu lilichapishwa mwaka 2012 na Martine Luxwolda na wenzake wa Groningen, Uholanzi. Walipima damu ya Wamasai 35 na Wahadzabe 25 wa Tanzania, wakapata wastani wa nanomoli 115 kwa lita, wakati wataalamu wengi huridhika na 50. Na watu hao hawajianiki juani. Jua likiwa kali hutafuta kivuli. Kinachowafaa ni kushinda nje.

Wahadzabe wanaishi kando ya Ziwa Eyasi, nyuzi tatu na nusu hivi kusini mwa ikweta. Buhinyuza, huko Burundi, iko karibu na latitudo hiyohiyo. Mkulima wa huko anayeshika jembe tangu alfajiri anapigwa na miale ileile. Tena jua peke yake halitoshi, kwani mifupa inahitaji kalsiamu: ndagala, samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, wakiliwa wazima na miiba yao, wanaileta.

Tatizo linakuja mwili unapojaa mafuta. Mwaka 2000, Jacobo Wortsman na wenzake waliwamulika watu wanene na wembamba kwa miale ya urujuanimno. Ngozi za makundi yote mawili zilikuwa na uwezo sawa wa kutengeneza vitamini, lakini ongezeko lake kwenye damu ya wanene lilikuwa pungufu kwa asilimia 57. Mafuta yaliizuia isifike kwenye damu, kama ghala linalopokea mazao bila kuyatoa. Mafuta hayo hayakai kimya: mwaka 2004 watafiti wa Kijapani walionyesha kuwa yanapozidi huzalisha chembe haribifu za oksijeni, zinazouma seli na kuchochea kisukari na maradhi ya moyo.

Je, vidonge vya vitamini D vitaponya? Mwaka 2013, uchunguzi wa jeni za watu zaidi ya 42,000 ulionyesha kuwa unene ndio unaoshusha vitamini D. Ushahidi wa kinyume chake haukuonekana. Kisha utafiti wa Marekani uliwapa watu 25,871 vidonge hivyo au dawa bandia, na vidonge havikupunguza mshtuko wa moyo wala saratani.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyehamia Bujumbura, unayeshinda ofisini na kurudi kwa gari, usikimbilie chupa ya vidonge kabla daktari hajakupima. Tembea kwa miguu asubuhi, na punguza mafuta na sukari mezani.