Hifadhi ya data ndani ya programu: kutunza daftari bila seva wala intaneti

Kuko namna ya kutunza habari katika kompyuta bila seva, bila intaneti na bila fundi wa kusimamia mashine ingine pembeni. Inaitwa hifadhi ya ufunguo na thamani iliyopachikwa ndani ya programu. Programu yenyewe inafungua faili, inaandika, inasoma, kiisha inafunga. Kwa wakaaji wa Kirumba, Kayna, Butembo ao Beni, fasi umeme na rezo vinaweza kupotea wakati wowote, njia hii inafaa butiki, famasia, kituo cha afya ao chama cha akiba. Lakini iko na masharti yake. Mwenye kuyasahau anaweza kupoteza daftari yote.

Ufunguo na thamani ni nini?

Tuchukue mfano wa kaye ya madeni ya butiki. Kila mteja yuko na namba yake, na mbele ya namba kuko kiasi anachodaiwa. Namba ndiyo ufunguo, kiasi ndiyo thamani. Ukitaja ufunguo unapata thamani papo hapo, bila kupitisha macho kaye nzima. Kwa kawaida ufunguo mmoja unabeba thamani moja tu. Ukiandika mara ya pili, ile ya zamani inafutika.

Hapo ndipo kosa la kwanza linatoka. Kwa Wanande, majina kama Kambale, Kasereka, Kavira ao Masika yanafuata namna watoto walivyozaliwa katika jamaa. Kwa hiyo avenue moja inaweza kuwa na Kambale wengi. Ukiweka jina kuwa ufunguo, deni la Kambale mmoja litafuta deni la mwingine. Afadhali kila mteja apewe namba: M002, M017. Sifuri za mbele ziko na kazi. Hifadhi zinazopanga funguo kwa mfuatano zinasoma alama moja moja, basi bila sifuri M17 inatangulia M2. Tarehe nazo ziandikwe kwa kuanza na mwaka: 2025-03-14.

Tofauti na seva ni hii. MySQL ao PostgreSQL ni programu ya pembeni ambayo lazima iwe imewashwa ili programu zingine ziulize habari kwake. Hifadhi iliyopachikwa ni maktaba tu, maana yake kipande cha kodi kinachoingizwa ndani ya programu yako. Watu wengi wanaitumia bila kujua. WhatsApp, kwa mfano, inaandika ujumbe ndani ya simu kwa SQLite, hifadhi iliyopachikwa yenye kutumia meza badala ya ufunguo na thamani.

Ilitoka wapi?

Ya kwanza kujulikana ni dbm, iliyoandikwa na Ken Thompson wa Bell Labs huko Marekani na kutoka pamoja na Unix ya 7 mwaka 1979. Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Berkeley, California, kilitoa Berkeley DB. Mwaka 1996 ikazaliwa kampuni Sleepycat ya kuiendeleza, na mwaka 2006 Oracle ikainunua. Mwaka 2011 zikatoka mbili zingine: LevelDB ya Google na LMDB ya Howard Chu, iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya mradi OpenLDAP. Lugha za skripti, yaani lugha nyepesi ambazo mtu anaandika na kujaribu papo hapo kama Perl na Python, zilizipokea mapema, sababu mistari michache inatosha.

Namna ya kuitumia kwa Python

Python inakuja tayari na moduli dbm, hakuna cha kupakua kwenye intaneti. Mistari hii inafungua faili madeni, inaitengeneza kama haiko, inaandika kwamba mteja M017 anadaiwa franka 4500, kiisha inasoma:

import dbm
with dbm.open("madeni", "c") as kitabu:
    kitabu["M017"] = "4500"
    print(kitabu["M017"].decode())

Neno with ni la maana sana: linafunga faili lenyewe kazi ikiisha, hata kama programu imekutana na kosa katikati. Herufi "c" inamaanisha fungua, na kama haiko, tengeneza. Angalisho: ukiandika "n" badala ya "c", Python inaanza faili mpya tupu, na madeni yote ya zamani yanapotea. Tena dbm inatunza maandishi tu, si hesabu. Kabla ya kujumlisha, geuza 4500 kuwa namba kwa int.

Hatari tatu za kujua

Ya kwanza ni umeme. Unachoandika kinaweza kukaa kwanza katika memori ya kompyuta, kiisha kinashuka kwenye diski. Moto ukikatika kati ya hizo mbili, maandishi ya mwisho yanapotea, na pengine faili linabaki nusu-nusu, halifunguki tena. Hapa maktaba hazilingani. Kwenye Windows, Python za mbele ya 3.13 kwa kawaida zinaangukia dbm.dumb, ambayo ndiyo dhaifu zaidi. Tangu Python 3.13, iliyotoka mwezi wa 10 mwaka 2024, moduli dbm inatumia SQLite kwa faili mpya, na hiyo inavumilia zaidi.

LMDB inafanya kwa njia ingine. Haiandiki juu ya ukurasa wa zamani. Inaandika pembeni, na mwisho kabisa ndipo inageuza alama inayoonyesha ukurasa mpya. Umeme ukikatika katikati, ukurasa wa zamani uko palepale. Inakubali pia kufunga maandishi mengi kuwa kitu kimoja: kupunguza deni la mteja na kuongeza pesa ya sanduku, yote mawili yanaingia ao yote mawili yanakataliwa. Bila hivyo, hesabu ya jioni inaweza kuonyesha mteja amelipa lakini sanduku halina pesa, na mfanyakazi ataitwa mwizi bure.

Ya pili ni waandishi wawili. Faili moja la dbm halikutengenezwa ili programu mbili ziandike pamoja. LMDB inaruhusu wasomaji wengi, lakini mwandishi ni mmoja kwa wakati, wengine wanangoja zamu. Kwa butiki yenye kompyuta moja, hakuna shida. Kwa hospitali yenye ofisi tano zinazoandika pamoja, hapo seva inahitajika. Usiweke faili hili katika dosie ya kushirikiana kati ya kompyuta mbalimbali, sababu kufuli zake zinaweza kushindwa.

Ya tatu ni mpaka. LMDB inataka uiambie mbele ukubwa wa mwisho wa hifadhi. Kwa Python, usipoutaja, inaweka megabaiti 10 tu, na siku zikijaa inakataa kuandika. Mipaka kama hii imeshawatesa hata wakubwa. Katika wilaya ya Lubero, hapo Luviro, Hifadhi ya Virunga ilianza mwaka 2020 kutumia umeme wa maji kwa mashine za kutafuta Bitcoin. Mtandao huo wa Bitcoin wenyewe uligawanyika mwezi wa 3 mwaka 2013 kwa muda wa saa kadhaa. Toleo 0.8 la programu yake lilikuwa limeacha Berkeley DB na kuchukua LevelDB. Matoleo ya zamani, yaliyobaki na Berkeley DB, yalikuwa na mpaka wa idadi ya kufuli ambao wengi hawakuufikiria. Bloku moja kubwa ikaupita: wapya wakaikubali, wa zamani wakaikataa. Ikabidi wachimbaji warudi kwanza kwenye toleo la zamani.

Uchague ipi?

Kwa kujifunza, ao kwa orodha ndogo, dbm ya Python 3.13 na kuendelea inatosha. Kwa daftari ya kila siku fasi umeme hautegemewi, LMDB ni bora, lakini taja ukubwa wa kutosha tangu mwanzo. Kama unataka kuuliza maswali mengi, kwa mfano "nani anadaiwa zaidi ya franka 10000 tangu mwezi jana?", chukua SQLite moja kwa moja. Nayo iko tayari ndani ya Python.

Nakala, na siku ya kukimbia

Mwisho wa mwezi wa 6 mwaka 2024, M23 ilipoingia Kanyabayonga kiisha Kirumba, jamaa nyingi zilikimbia kuelekea Lubero na Butembo. Kaye kubwa haibebeki kirahisi, lakini faili la madeni elfu linaingia katika flashi ndogo. Faida hiyo inapatikana tu kama nakala ilikuwa tayari mbele ya siku ile.

Funga programu kwanza, ndipo unakili faili. Nakala iliyochukuliwa wakati programu inaandika inaweza kuwa mbovu. Kwa LMDB kuko amri copy, inayonakili salama hata kazi ikiendelea. Tena, aina za dbm hazisomani: faili la kompyuta moja linaweza kukataa kufunguka kwa ingine. Kwa hiyo, kila juma, toa pia orodha katika faili ya maandishi ya kawaida. Kiisha jaribu kufungua nakala kwenye kompyuta ingine. Nakala isiyojaribiwa haitegemewi.

Mwisho, mafaili haya hayana siri yenyewe. Anayeokota flashi anaweza kusoma yote. Kwa daftari ya wagonjwa ao ya wanachama wa akiba, weka namba tu katika hifadhi, na orodha ya majina itunzwe pembeni, fasi ingine, kwa mtu mwenye kuaminiwa. Tena flashi yenyewe ifungwe kwa nenosiri kama kompyuta inaruhusu.