Kijana kando ya mizani

Nimefanya kazi ya karani wa mizani katika chama cha msingi cha pamba hapa Shinyanga, kwa hiyo habari za nguvu ya vijana wa Usukuma mimi huzianzia kwenye jembe, kisha kwenye uzito.

Zamani vijana wa kijiji walikuwa na nsumba ntale, kiongozi wao waliyemchagua wenyewe. Mtemi alikuwa na enzi na wazee wa baraza. Nsumba ntale alikuwa na mikono ya watu. Akiita, vijana walitoka alfajiri na majembe, wakajipanga mstari na kulima shamba la mwenzao huku ngoma ya bugobogobo ikiwapa mwendo, na mwenye shamba akawalisha. Mkorofi alitengwa: msimu ukifika hana wa kumlimia, msiba ukimpata hana wa kukaa naye. Hayo yalikuwa mamlaka, tena makubwa.

Pamba ilipoenea, jasho lao likaishia kwa mnunuzi mwenye mizani yake. Mkulima alitajiwa ratili, akapokea alichopewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao. Naijua kazi hiyo. Unasubiri mshale utulie, unatazama goti la mtu lisiinue gunia kwa chini, unataja uzito kwa sauti mwenye mali asikie, ndipo unaandika. Kisha unasimama imara pamba safi isiitwe fifi, yaani ya daraja la chini. Anayeweza kusimama hivyo mbele ya tajiri, akiwa na elimu ya madarasa machache tu, amekwisha kubadilisha jambo kubwa.

Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925, alikuwa bado hajatimiza miaka 30 alipozunguka Kanda ya Ziwa akiunganisha vyama vidogo vya wakulima. Mwaka 1955 vikazaa shirikisho lililoitwa Victoria Federation of Co-operative Unions, na baada ya muda pamba ya Shinyanga, Maswa, Kwimba na Geita ikawa inapita mikononi mwa wakulima wenyewe.

Nidhamu hiyo haikubaki kwenye pamba. Serikali ya kikoloni ilikuwa imezuia matawi ya TANU Usukuma, lakini mwaka 1958, Geita ilipoletewa baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, watu walilikataa na kwenda Mwanza kwa maelfu kulisema hilo. Baraza likashindwa.

Leo vijana wengi wa huku wako kwenye machimbo ya dhahabu, Nyarugusu na kwingineko. Wanashuka duarani, yaani kwenye shimo la mgodi, wanapeleka mawe kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, wanagawana mifuko ya mawe. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na mizani iko wazi mezani. Ila kabla ya kufika pale kuna mgao wa duarani, kati ya mwenye leseni, mwenye duara na mchimbaji, na hapo ndipo kijana anapohitaji kiongozi aliyemchagua mwenyewe, anayejua hesabu, wa kusimama wakati mifuko inahesabiwa.